Pariacaca: Mandhari au Mhusika?

Kila aliyefanya mtihani wa fasihi ya Kiswahili anaijua ile orodha. Maudhui kwanza: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa. Kisha fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Tumeikariri tangu sekondari, na wengi wetu tumekuja nayo chuo kikuu kama mtu anavyohamia bwenini na godoro lake. Sisemi kwamba orodha hiyo haifai; imetusaidia kusoma riwaya na tamthilia nyingi. Ninachodai katika makala haya ni kwamba vyumba viwili vya orodha hiyo, cha wahusika na cha mandhari, vimetenganishwa na ukuta ambao fasihi nyingine duniani haziujui kabisa. Ushahidi wangu ni mlima mmoja wa Peru uitwao Pariacaca.

Tuanze na mlima wenyewe. Pariacaca uko katika Andes ya kati, mpakani mwa mikoa ya Lima na Junín, na una vilele viwili vya theluji. Kimo chake kinapita mita 5,700. Kibo unaupita, lakini kidogo tu. Upande wa magharibi maji ya theluji yake hushuka kwenye mabonde makavu yanayoelekea Pasifiki, mahali ambapo bila mfereji hakuna shamba. Ramani za leo hukipa kilele kikuu jina jingine, Tullujuto, na ndani ya jina hilo mna neno la Kikechua tullu, yaani mfupa. Lakini jina la kale, lile ambalo vitabu vinalijua na ambalo safu nzima inaitwa kwalo, ni Pariacaca. Nusu yake ya pili, qaqa, ni neno la kila siku la Kikechua lenye maana ya mwamba au jabali. Kwa hiyo jina lenyewe lina jiwe ndani yake. Msomaji aliweke hilo akilini, maana nitalirudia.

Matini ninayoihakiki ni ule unaoitwa Mswada wa Huarochirí. Uliandikwa kwa Kikechua mnamo 1608 hivi, katika wilaya ya Huarochirí iliyo kwenye miinuko juu ya jiji la Lima, na leo umehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Hispania, Madrid. Una sura 31 na nyongeza mbili. Hakuna matini nyingine ya wakati ule iliyoeleza kwa urefu kama huo, na kwa lugha ya wenyewe, dini na visasili vya watu wa Andes. Aliyeuandika alikuwa mtu wa huko huko, aliyebatizwa na kufundishwa kusoma. Anaanza kwa kulalamika kwamba laiti wahenga wake wangejua kuandika, basi habari zao zisingekuwa zikipotea kama zinavyopotea. Na kwa kuwa hawakujua, yeye ataziandika. Sisi tunaosoma fasihi simulizi kila muhula tunapaswa kulisikia lalamiko hilo kwa masikio yote mawili.

Sasa hadithi. Pariacaca alizaliwa juu ya mlima Condorcoto, kutoka katika mayai matano. Mayai yakatoa kozi watano, kozi wakageuka watu watano, na watu hao watano ni Pariacaca. Kabla hata hajaanguliwa ana mtoto tayari, fukara mmoja aitwaye Huatyacuri, ambaye chakula chake ni viazi vilivyochomwa kwenye udongo. Akiwa amelala njiani Huatyacuri anawasikia mbweha wawili wakiongea, mmoja ametoka juu na mwingine ametoka chini, na kutokana na umbea wao anapata siri ya kumponya tajiri mgonjwa. (Ndiyo, mtoto anatangulia baba kuzaliwa. Asiyependa hivyo akasome riwaya ya upelelezi.) Baadaye Pariacaca anashuka kupigana na Huallallo Carhuincho, mla watu, ambaye aliruhusu kila wazazi kupata watoto wawili tu, mmoja wa kulea na mmoja wa kuliwa naye. Kwa kuwa Pariacaca ni watano, ananyesha kutoka pande tano, mvua nyekundu na mvua ya njano, na anapiga radi kutoka pande tano. Huallallo anawaka, moto mkubwa unaokaribia kugusa mbingu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Mmoja wa wale watano anaangusha mlima ili kuziba maji yasiende zake, na maji yanajaa na kuwa ziwa, Mullucocha, ambalo liko hadi leo. Huallallo anakimbilia kwenye misitu ya mashariki. Mmoja wa wale watano anabaki mlangoni mwa njia hiyo kumlinda asirudi, na yeye naye ni mlima wa theluji.

Msomaji makini ameshaona nilichofanya. Katika aya ya mlima nilisema Pariacaca *uko*, *una*. Katika aya ya hadithi nimesema *alizaliwa*, *anashuka*. Na mahali fulani katikati ningepaswa kusema *wananyesha*, lakini nikakwepa. Sikuwa na njia ya kutochagua. Kiswahili hakikuruhusu utamke kitenzi bila kusema kwanza mtendaji wako ni wa ngeli gani. Mlima ni wa u-, mtu ni wa a-, watu watano ni wa wa-. Kila sentensi juu ya Pariacaca ni hukumu ndogo, na hukumu hiyo inatolewa na kiambishi kabla mhakiki hajafungua kinywa kutaja neno "mhusika".

Kikechua hakina mtego huu. Neno moja, pay, linatosha kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kitenzi cha nafsi ya tatu hakibadiliki kwa sababu mtendaji ni mtu au ni jiwe. Hata wingi si wa lazima: ukishasema pichqa, tano, nomino haihitaji tena alama ya kuonyesha kwamba ni nyingi. Kwa hiyo msimulizi wa Huarochirí anaweza kwenda aya nzima na Pariacaca ambaye ni mmoja na ni watano, ni jabali na ni kijana, bila sarufi yake kumvuta shati. Tunayemsoma katika tafsiri, iwe ya Kihispania aliyoitoa José María Arguedas mwaka 1966 au ya Kiingereza ya Frank Salomon na George Urioste ya mwaka 1991, ameshapitishwa kwenye mlango mwembamba. Hapa yeye, pale wao. Watafsiri hawana kosa. Hiyo ndiyo bei ya kuvuka mpaka wa lugha, na kila lugha inatoza yake.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotoa ufunguo mfukoni: tashihisi! Kitu kisicho na uhai kimepewa sifa za binadamu. Swali limeisha, alama mbili. Kwa mtazamo wangu jibu hilo ni uvivu, na ni uvivu wenye madhara. Ili niseme mtunzi *amekipa* kitu sifa za mtu, lazima kwanza mimi na mtunzi tukubaliane kwamba kitu hicho hakikuwa nazo. Mshairi anaposema upepo unalia, yeye anajua, nami najua, kwamba upepo haulii. Utamu wa mstari uko katika ule umbali. Msimulizi wa Huarochirí hana umbali huo. Hakuna mahali anapokonyeza jicho. Anapoeleza kwamba Pariacaca alikaa mwishoni mwa karamu katika kijiji cha Huayquihusa kama wanavyokaa maskini, na kutwa nzima asipate mtu wa kumnywesha isipokuwa mwanamke mmoja aliyemhurumia na kumpa pombe ya mahindi, hatumii tamathali. Anatoa taarifa. Mwanamke aliambiwa aondoke kabla siku tano hazijatimia, kisha mvua ya mawe, nyekundu na ya njano, ikakisomba kijiji chote mpaka baharini. Kuiita habari hiyo tashihisi ni kumwambia msimulizi: "Najua hukuamini ulichosema." Nani alituambia hivyo?

Hata huku kwetu sikio la Kiswahili linajua zaidi ya daftari la fasihi. Wachaga wanasimulia jinsi Mawenzi alivyokwenda mara kwa mara kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga, ndiyo sababu kilele cha Mawenzi kimechanika chanika. Hebu jaribu kusimulia kisa hicho kwa kusema "Mawenzi ulikwenda kuomba moto". Haiwezekani, watoto watakucheka. Anayesimulia anasema *alikwenda*, na hakuna anayemsimamisha kumuuliza ngeli. Lakini mtoto huyo huyo akifika kidato cha tatu tunamwambia aandike kwamba mandhari ya hadithi ni Mlima Kilimanjaro.

Nirudi Peru, maana huko kuna shahidi ambaye ni mzuri kuliko nadharia yangu yoyote. Mwaka 1590 Mjesuiti José de Acosta alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya maumbile na desturi za nchi za Amerika, na ndani yake anaeleza jinsi alivyopanda ngazi za Pariacaca, zile za mawe kwenye barabara ya Wainka iliyounganisha Jauja na Pachacamac pwani. (Mtandao wote wa barabara hizo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2014.) Alipokaribia juu alishikwa ghafla na ugonjwa. Alitapika mpaka akadhani anakufa. Akahitimisha kwamba hewa ya pale ni nyembamba mno kwa pumzi ya binadamu. Wanasayansi wanamheshimu kwa hilo: ni moja ya maelezo ya kwanza kabisa ya ugonjwa wa miinuko, na alikuwa sahihi. Sina ugomvi naye. Lakini angalia namna anavyousoma mlima. Kwake Pariacaca ni mahali ambapo jambo fulani linampata Acosta. Mhusika ni Acosta, mandhari ni Pariacaca, na hata tumbo la Acosta lina nafasi kubwa zaidi katika masimulizi kuliko mlima. Kama angeanguka mikononi mwetu kwenye mtihani, orodha yetu ingemtosha kama kanzu iliyoshonwa na fundi wake.

Kwa maneno mengine, mandhari ni jina ambalo msafiri hupapa mahali anapopita. Halisemi jambo lolote juu ya mlima. Linatuambia aliyeandika alikuwa njiani kwenda wapi.

Halafu kuna Francisco de Ávila, na hapa mambo yanakuwa mazito. Ávila alikuwa padri wa San Damián, katika Huarochirí. Mwaka 1607 waumini wake walimfungulia mashtaka ya kuwaonea na kuwanyonya. Aliponyoka, na baada ya hapo akapata umaarufu wa kufichua ibada za siri za waumini wale wale. Mswada wetu ulikusanywa katika kazi hiyo. Ulipitia mikononi mwake, alijaza maoni yake pembeni mwa kurasa, na mwaka 1608 alianza kuandika kwa Kihispania maelezo yake mwenyewe ya visa hivyo hivyo ili kuvikanusha. Desemba 1609 katika uwanja mkuu wa Lima zilichomwa moto sanamu, vyombo vya ibada na maiti za wahenga zilizokuwa zimehifadhiwa mapangoni, na mmoja wa makuhani, Hernando Páucar, akachapwa viboko hadharani kisha akapelekwa uhamishoni. Tunapenda kufundishwa kwamba fasihi simulizi hukusanywa kwa mapenzi, na mwanafunzi mwenye kinasa sauti na bibi mwenye tabasamu. Hii ilikusanywa kama jalada la kesi. Kisasili bora kabisa cha Andes tunacho leo kwa sababu adui yake alihitaji ushahidi.

Lakini hebu tazama kilichomshinda. Sanamu zilichomeka, na miili ya wahenga nayo. Pariacaca hakuchomeka. Pablo José de Arriaga, Mjesuiti aliyeandika kitabu cha mwongozo wa kampeni hizo mwaka 1621, alikiri tatizo lenyewe: baadhi ya vinavyoabudiwa ni milima na theluji, haviwezi kuondolewa machoni pa watu, kwa hiyo ving'olewe mioyoni. Mimi nasoma hapo uhakiki wa fasihi uliofanywa na watu waliochukia fasihi hiyo. Maana mandhari haishtakiwi. Hakuna aliyewahi kuifungulia kesi mandhari, kuitafutia mashahidi, kuwachapa viboko rafiki zake na kuandika mwongozo wa kuing'oa mioyoni. Ávila na Arriaga walimtendea Pariacaca kama mhusika tena mhusika mkuu. Walimwogopa. Sisi tunaompenda ndio tunaotaka kumweka kwenye chumba cha mandhari pamoja na hali ya hewa.

Mwenzangu mmoja wa semina alinibana kwa hoja ambayo si ya kupuuzwa. Alisema: "Unachanganya mambo. Pariacaca ni mungu *anayekaa* mlimani, na mlima ukaitwa kwa jina lake, kama barabara inavyopewa jina la kiongozi. Mungu ni mhusika, mlima ni mandhari, ukuta wako umesimama palepale." Ni kweli kwamba matini yenyewe mara nyingine humtaja kama aliye kule juu, kwenye theluji, na watu wanakwenda aliko. Hata hivyo sarufi ya Kiswahili inaweza kutusaidia kupima. Tunakwenda *Dodoma*, lakini tunakwenda *kwa* Asha. Mahali hapahitaji *kwa*, mtu anaihitaji. Sasa msimulizi anaeleza sikukuu ya Auquisna, ambapo watu walimwendea Pariacaca kila mwaka, wakishindana kupandisha lama wao (wale wanyama wa mizigo wa Andes) mlimani. Anaongeza kwamba tangu Wahispania waingie, watu hawakwenda tena hadi kwake mwenyewe. Walipanda vilima vya karibu ambavyo ukisimama juu yake theluji ya Pariacaca inaonekana, na wakamwabudu kutoka hapo, tena wakizipanga siku hizo ziangukie karibu na sikukuu za Kanisa ili padri asishtuke.

Kama Pariacaca angekuwa mpangaji tu ndani ya mlima, kuona paa la nyumba yake kungesaidia nini? Hakuna anayepanda mti kuangalia bati la nyumba ya mjomba halafu akasema nimemwamkia mjomba. Watu wa Huarochirí walitosheka na kuona theluji kwa sababu theluji ile ndiyo yeye. Waliona, yaani walionana. Kwa hiyo ningetafsiri sura hiyo kwa *kwa*: walikwenda kwa Pariacaca. Na mwenzangu akitaka kuendelea na ubishi, basi na atuoneshe ni sentensi ipi katika mswada inayosema mlima ubaki na mungu aondoke.

Jina nalo linakataa kugawanywa. Lile qaqa, jabali, haliko nje ya jina kama anwani. Ni nusu ya mwili wake. Ukiwa na mungu aitwaye Jabali Fulani ambaye ananyesha, anapenda, anakasirika, huwezi kulichuja jabali ubaki na mungu safi wa kuingiza kwenye safu ya wahusika. Na neno ambalo Kikechua kinalitumia kwa viumbe wa aina hii, huaca, linaenea juu ya mlima, chemchemi, maiti ya mhenga, jiwe, na yule anayenena kutoka humo. Baadhi yetu tumelitafsiri "mungu mdogo", na wengine "mzimu". Yote mawili yanaleta wageni wasioalikwa. Bora libaki lilivyo, ingawa likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili litatoka *waka*, na hapo Huallallo mwenye moto atakuwa amelipiza kisasi.

Nimemtaja Arguedas. Ningependa walimu wetu wampe nafasi kwenye kozi zetu za fasihi ya dunia, kwa sababu yeye alikutana na ukuta huu kwenye meza ya kazi. Alizaliwa Andahuaylas mwaka 1911, alilelewa kwa sehemu na watumishi waliosema Kikechua, akawa mwanaanthropolojia na mwandishi wa riwaya kwa Kihispania. Katika *Yawar Fiesta* ya mwaka 1941 watu wa Puquio wanataka kumkamata fahali mkali aitwaye Misitu, na kabla ya kwenda wanampelekea sadaka K'arwarasu, mlima wao. Wahakiki wanaweza kusema hiyo ni "desturi za jamii", dhamira ndogo. Lakini ukisoma mpangilio wa matukio unaona kwamba bila kibali cha K'arwarasu hakuna safari, hakuna fahali, hakuna riwaya. Huyo ni mhusika anayesukuma msuko kuliko maafisa wote wa serikali waliomo kitabuni.

Tafsiri yake ya mswada, miaka 25 baadaye, ilikuwa ya kwanza kuuweka wote katika Kihispania. Wataalamu waliomfuata, hasa Gerald Taylor, walisahihisha mengi ndani yake. Arguedas alitafsiri kama mwandishi, kwa haraka na kwa sikio. Mimi naona makosa yake yana faida ambayo usahihi wa wengine hauna, kwa sababu yeye hakuwahi kuhitaji kuelezwa kwamba mlima unaweza kuwa baba. Wale mbweha wawili wa Huatyacuri hawakumtoka kichwani. Riwaya yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1971 baada ya yeye kujiua mwaka 1969, ina jina lao, mbweha wa juu na mbweha wa chini, na inawapeleka kwenye bandari ya samaki ya Chimbote, kwenye harufu na umalaya na viwanda. Ni riwaya ngumu, imevunjika vipande, na siidai kuwa nzuri kila ukurasa. Lakini angalau inauliza swali ambalo uhakiki wetu haujauliza: wale wasioonekana kuwa watu, wakihamishwa kutoka mlimani kwenda mjini, wanabaki wahusika au wanakuwa mapambo?

Kuna sababu nyingine inayofanya nisione jambo hili kuwa ubishi wa viambishi tu. Eneo la Pariacaca limekuwa hifadhi ya mandhari tangu 2001. Ndivyo ilivyo kwenye jina rasmi, hifadhi ya *mandhari*, ya Nor Yauyos-Cochas. Ni jambo jema. Wakati huohuo milima ya Peru imepoteza zaidi ya nusu ya eneo la barafu yake tangu miaka ya 1960. Ukiyasoma hayo kwa lugha ya Acosta, mandhari imebadilika, na mandhari hubadilika kila siku. Ukiyasoma kwa lugha ya mswada, sijui kitenzi gani kingetumika, lakini hakika kingeanza na *a-*.

Sisi watatu wa mwaka wetu tumeanza kuiweka sura ya vita katika Kiswahili, tukiwa na Arguedas upande mmoja wa meza na Salomon na Urioste upande mwingine. Tumekubaliana hivi: Pariacaca anapozaliwa na anaposafiri ni *a-*. Anaponyesha ni *wa-*, hata kama jina ni moja na msomaji atashtuka, "Pariacaca wakanyesha kutoka pande tano". Ashtuke tu. Ule *u-* wa mlima tumeutupa kabisa, isipokuwa kwenye maelezo ya mtafsiri.

Sura ya sita ndiyo imetukwamisha. Humo Pariacaca anamkuta msichana, Chuqui Suso, akilia kwa sababu mahindi yake yanakauka. Anampenda palepale, na kwa ajili yake anaupanua mfereji. Mapuma, mbweha, nyoka na ndege wa kila aina ndio wanaochimba. Mbweha anatangulia kuongoza kazi, kwale anaruka ghafla na kupiga kelele, mbweha anashtuka na kuteleza, nyoka anashika uongozi, na ndiyo maana mfereji unapinda kuelekea chini mahali pale badala ya kupita juu zaidi. Kazi inapokwisha Chuqui Suso anasema atakaa hapo hapo, kwenye mdomo wa mfereji wake, na anageuka jiwe. Msimulizi anasema yuko hapo. Mmoja wetu anataka tuandike "jiwe *liko* hapo", kwa sababu ameshageuka. Mimi nimeandika "yuko hapo". Rasimu imebaki na yote mawili, moja juu ya jingine kwa penseli.